Mguu Ulionitangulia Kaburini

Sogezeni viti, wanangu, na wewe Phelister zima hiyo redio, kwa maana sauti yangu imebaki kidogo na sitaki kushindana na mtu. Ogola, wewe ndiwe wa kwanza, kaa hapa mbele niuone uso wako, kwa sababu mengi nitakayosema ni yako. Mama yenu mdogo, Amongin, asitoke humu ndani kwa kisingizio cha kazi yoyote. Na shemeji yangu Omagor, kaka yake, naona ameketi pale mlangoni kwa heshima ya ukwe. Abaki hapo hapo, mradi asikie, na nikikosea mahali anirekebishe kama alivyozoea kunisumbua.

Ya mali ni mafupi, nayaweka kwanza. Shamba la juu, kutoka barabara ya Malaba hadi kwenye mkonge, ni la Ogola na ndugu zake wa tumbo moja. Shamba la chini, hadi kijitoni, ni la Amongin na watoto wake, na hakuna atakayelipima upya nikishaondoka. Cherehani ya marehemu Gaudencia ni ya Phelister, kwa kuwa ni ya mama yake. Ule ugomvi wa mpaka kati yangu na jirani yetu Ikapel umekwisha. Tulipeana mikono wiki iliyopita, na atakayeufufua ajue anaufufua kwa jina lake mwenyewe, si kwa langu.

Sasa nije kwa jambo nililowaitia. Nimesikia, Ogola, kwamba wewe na baba yako mdogo Ogutu mmekubaliana kwamba matanga yangu yakiisha, Amongin ataambiwa akusanye vyombo vyake arudi kwao Moding, kwa sababu maumivu yanayonimaliza yalitoka mkononi mwake. Hukuniambia mimi. Nimelisikia kupitia ukutani, maana mtu akiwa anakufa watu humdhania kiziwi. Sikukasirika. Lakini sitakubali kufa kabla hatujalitazama jambo hili pamoja, tena kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa na mtu yule aliyeketi mlangoni.

Wadogo hawakumbuki vizuri, kwa hiyo nasimulia tangu mwanzo. Mwaka wa sabini na nne kidonda cha jembe kiliniozea mguu wa kulia, nikapelekwa hospitali ya misheni kule Nangina, wakaukata juu kwenye paja. Walinitunza vizuri, sina lawama nao. Mguu wenyewe ulifungwa kwa shuka, watu wetu wakapewa waulete nyumbani, kwa sababu sisi hatuachi kiungo cha mtu ugenini. Ulifika hapa alasiri ya mvua kubwa; waliouleta wakauacha, wakarudi kwangu hospitalini. Wanaume wengine wote walikuwa wamekwenda kwenye mazishi upande wa Samia. Wewe Ogola ulikuwa Busia kwa wale mawakala wa forodha. Amongin alikuwa peke yake na watoto. Angeweza kuuacha barazani mpaka wanaume warudi. Hakuuacha. Alichukua jembe, yeye mwanamke, akachimba nyuma ya ghala katika ardhi ile ya changarawe, akauzika.

Nilirudi nyumbani nimepona kidonda, na hapo ndipo ule mguu ulipoanza kuniuma. Sielezi kigutu, naeleza mguu. Nilisikia vidole vyake vimekunjwa kama ngumi na kucha zinazama katika wayo. Nilikuwa nikinyoosha mkono nivifungue, nashika blanketi. Nilipomwambia Ogutu, aliniambia yale yanayosemwa hapa kwetu tangu zamani, kwamba mguu uliozikwa umekunjwa haumpi mwenyewe raha mpaka ufukuliwe na kunyooshwa. Kisha likaja swali: ni nani aliyeuzika? Mwanamke, Mteso, si wa kabila letu, peke yake, bila shahidi. Tangu hapo maneno yakatembea yenyewe. Ikawa aliukunja kwa makusudi. Ikawa alifunga kitu ndani ya shuka. Ikawa anataka shamba. Watoto wa nyumba kubwa wakaacha kula jikoni kwake, na wewe, Phelister, siku moja ulimrudishia bakuli lake la mboga limefunikwa vilevile lilivyokuja. Usilie. Sikusemi, nakumbuka tu, na kazi yangu katika ukoo huu imekuwa kukumbuka.

Omagor akaitwa. Mnajua alisoma seminari upande wa pili wa mpaka, akabakiza kidogo awe padri, akarudi kulima pamba. Sote tulitazamia aape kwamba dada yake hana hatia, na dada mtu ndiye aliyetazamia zaidi; alikuwa ameketi karibu naye anapangusa macho. Omagor akasema, "Mimi sijui kama dada yangu hana hatia. Na nyinyi hamjui kama anayo." Amongin alimwambia kwa Kiteso neno moja ambalo mpaka leo hakuna aliyekubali kunitafsiria, na muda mrefu hakumpikia.

Mimi nilidhani ni mtu asiye na moyo. Lakini alibaki nami siku zile, akanieleza habari za mwanafalsafa mmoja wa Ulaya, wa zamani sana, aliyeamua siku moja kukitilia shaka kila kitu alichowahi kuamini. Hakukusudia kukaa katika shaka. Alikuwa akitafuta mahali pa kusimama. Ninyi mmekulia mpakani, mtaelewa: askari wa forodha mzembe hufungua gunia la juu, akanusa, akaliachia lori lipite; yule makini huamuru mzigo wote ushushwe chini, gunia moja moja, hata magunia ya mtu anayemheshimu. Ndivyo mzee yule alivyoushusha moyo wake. Macho hudanganya, akayaweka kando. Ndoto hufanana na kukesha, akaziweka kando. Akashusha mpaka akabaki na kitu kimoja tu kilichokataa kushuka, nacho ni kwamba yuko mtu anayefanya kazi hiyo ya kutilia shaka, na mtu huyo ni yeye. Kutoka hapo akaanza kupakia upya, polepole, asipakie asichokichunguza. Nilisoma hadi sekondari, nikawa karani wa stesheni ya Malaba maisha yangu yote ya kazi, lakini sijawahi kusikia ujasiri kama huo wa mtu aliyeketi tu kwenye kiti.

Nilimtania. Nikamwambia, "Shemeji, hata kuumwa kwangu unataka ushahidi?"

Akanijibu bila kucheka, "Kuumwa kwako ndicho kitu pekee nisichokitilia shaka. Ninachokitilia shaka ni mahali kunakotoka."

Kisha akapanga jambo, na Ogutu akakubali, maana Ogutu ni mkali lakini ni mtu wa haki. Mimi nilipelekwa Busia kwa Selpher, binti ya dada yangu, yule muuza samaki, bila kuambiwa sababu. Selpher naye hakuambiwa. Aliombwa tu aniulize kila asubuhi mguu umelalaje. Huku nyumbani, siku waliyoichagua wao, Ogutu na Omagor wangefukua pamoja, watazame, wanyooshe kama kuna cha kunyoosha, wafukie, wanyamaze.

Walifukua. Na mguu ulikuwa umekunjwa.

Sikieni vizuri hapo, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kumheshimu mtu huyu kuliko wasomi wote niliowahi kuwaandikia mizigo. Ulikuwa umekunjwa gotini, kisigino karibu kiguse paja. Ogutu akasimama na sepetu mkononi kama mtu aliyeshinda kesi. Amongin akaitwa, akaulizwa, wala hakukana. Akasema, "Shimo lilikuwa fupi, mvua inanyesha, na mbwa wananizunguka. Mlitaka niuache nje?" Kaka mwingine yeyote angeanza kutafuta maneno ya kufunika. Omagor alisema, "Kweli aliukunja. Sasa tuulize kama kukunja huko ndiko kunakouma." Wakaunyoosha kwa mikono yao wawili, wakalirefusha shimo, wakafukia.

Kule Busia mimi sikujua lolote. Selpher aliniuliza kila asubuhi, nikamjibu kila asubuhi kwamba vidole vimekunjwa vilevile. Zikapita siku nyingi namna hiyo. Halafu Ogutu, aliyechoka kunyamaza, akaja mwenyewe, akanishika bega, akasema kwa furaha, "Mzee, mguu wako tumeunyoosha." Wanangu, usiku ule nililala. Vidole vilifunguka kimoja baada ya kingine, nikavisikia kabisa, nikalia kwa raha. Kulipokucha Ogutu alikuwa anawaita watu waje waone. Omagor akafika, akamsalimia kila mtu, akamuuliza Ogutu swali moja tu: tuliunyoosha lini? Na Ogutu, nampa sifa yake mbele yenu, angeweza kumbishia kwa kuwa mimi sikuwa nikijua, lakini alitazama chini akasema ilikuwa wiki iliyotangulia, siku ya soko.

Basi. Mguu ulikuwa umenyooka siku zote zile ukiniuma, na ukaacha kuniuma nilipoambiwa. Halafu haukupita muda, maumivu yakarudi, ingawa hakuna aliyeugusa. Omagor alisema, "Jembe halikumponya. Habari ndiyo iliyomponya." Kwa hiyo Amongin aliukunja mguu, ndiyo, na kuukunja kwake hakukuniuma hata chembe. Mambo hayo mawili ni mawili. Watu wengi huishi mpaka uzee hawajawahi kuyatenganisha.

Maji kidogo... Asante.

Kuna jambo moja zaidi juu ya Omagor, nalo nalipenda kuliko yote. Siku ile alikuwa ameshinda, na mtu aliyeshinda hupenda kuendelea kusema. Nilimuuliza hiyo habari iliingiaje mguuni, kama mguu uko ardhini Malaba na mimi niko Busia. Akaniambia yule mwanafalsafa wake wa zamani alifundisha kwamba nafsi na mwili ni vitu viwili mbalimbali, mwili una urefu na upana, nafsi haina. Na kwamba hata yeye alisikia habari za watu waliokatwa viungo wakaendelea kuviumwa, akaeleza kwamba mishipa hupeleka ujumbe wa uongo. "Lakini jinsi kitu kisicho na upana kinavyosukuma kitu chenye upana," akasema, "hapo yeye alikwama, na mimi nimekwama." Halafu akasema, hapo sijui. Nimewasikia mastesheni masta, machifu na wahubiri. Mwenye kusema "hapo sijui" wakati watu wanamshangilia, nimemsikia huyu mmoja tu.

Mimi mwenyewe nimelifikiria miaka hii nikiwa nimelala. Walinikata, na hakuna jina la babu nililosahau, wala deni la shukrani lililopungua. Kwa hiyo mimi si mguu. Lakini maumivu yakija kwa nguvu siwezi kumaliza sala fupi. Kwa hiyo mwili huu nao si koti la kuvua na kutundika. Nakwenda bila kujua. Labda kesho nitajua, na sitakuwa na njia ya kuwaambia.

Ogola, sasa nisikilize wewe. Una akili, na unanipenda, na huo upendo ndio unaokufanya utafute mtu wa kumlaumu. Nakuagiza hivi: kila unapotaka kuamini neno baya juu ya mtu, anza kutilia shaka lile neno ambalo likiwa kweli litakunufaisha. Amongin akienda, shamba la chini litakuwa la nani? Sikuambii wewe ni mchoyo. Nakuambia hujalishusha gunia hilo.

Wazee watataka mguu ufukuliwe uwekwe nami, ili niende nikiwa mzima. Ufukueni. Mimi binafsi sijui kama utanisaidia, lakini sitaki kuwaachia ugomvi mwingine. Ila hautashikwa na Ogutu, wala nawe Ogola. Atauweka Amongin kwa mikono yake, mchana, watu wote wakitazama. Na jeneza likiwa fupi, aukunje.

Mkiyafanya hayo, hakuna atakayeweza kumwambia aondoke, kwa sababu mtakuwa mmemkabidhi mwili wangu mbele ya ukoo. Ogola, sema kama umekubali. Usiitikie kwa kichwa, macho yangu hayafiki huko tena. Sema.

Sikusikia... Rudia.

Haya. Umesema, na mjomba wa wadogo zako amesikia pale mlangoni, naye ni mtu asiyesahau. Omagor, umesikia? Vizuri.

Mungu awape... awape moyo wa kuuliza, na moyo wa kungoja jibu. Awape mvua kwa wakati. Phelister, awape wanao afya. Wadogo zenu wasile peke yao. Mkae... mkae pamoja, shamba la juu na la chini.

Amongin, nipe mkono. Uko wapi... nipe mkono wako. Huu? Huu ndio. Sasa nimeujua.