Radi Alikwenda Kumpiga Shemeji Yake

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu inawafikia safi, haina mkwaruzo hata kidogo. Nawaomba msifurahie kwanza.

Fundi mitambo wa redio hii amefariki. Fundi mitambo wetu, yule tuliyemwita Radi. Jina lilimfaa, maana alikuwa na hasira za karibu. Mimi mwenyewe alishanirushia spana, eti nimeweka chai juu ya mtambo wake. Ilinikosa. Kikombe hakikupona.

Mnaikumbuka ile ngurumo iliyotuvuruga hewani tangu mvua zianze? Mlipiga simu mkatutukana, na Radi akawa kama ametukaniwa mama yake. Akabeba redio ndogo begani, akaingia mitaani kutafuta inakotoka. Kila ilipozidi kukoroma, alikaza mwendo. Ikamfikisha kwenye karakana ya kuchomea vyuma ya shemeji yake, kaka wa mkewe.

Tatizo lilikuwa inveta. Inveta huukatakata umeme wa betri ili ufanane na wa nguzo, na ukatakataji huo huacha uchafu unaopita kwenye nyaya mpaka redioni kwenu. Radi mwenyewe ndiye aliyefunga pale kichujio cha kuuzuia. Shemeji alikitoa. Sababu? Kilikuwa kinavuma, kinamkera! Jamani.

Jirani anasema Radi aliuvunja mlango kwa teke. Akamkaba shemeji koo, akambamiza ukutani. "Umeniulia redio, mbwa wewe!" Shemeji akampasua mdomo kwa ngumi. Walipigana hadi sakafu ikateleza damu.

Ndipo Radi akaona moshi nyuma ya shemeji. Zile kapasita kubwa za inveta, vikopo vya bati vinavyotunza umeme, zilizokuwa zikiubeba uchafu wote bila kichujio, zilikuwa zimevimba. Alimwinua shemeji mzimamzima, akamtupa nje. Zikalipuka. Vipande vya bati vilimpata Radi kifuani, na moto ukamalizia.

"Mume wangu alikwenda kumpiga kaka yangu," mjane ameniambia. "Amekufa akimwokoa. Sasa nimlaumu nani, ilhali wote wawili ni wangu?"

Pole sana, dada yetu. Poleni, watoto. Na wewe shemeji uliyelazwa, pole, ingawa masikio yako hayasikii tena.

Nyumbani kwako, msikilizaji, kuna kitu ulichokitoa kwa sababu kilikukera. Leo kajiulize kilikuwa kinazuia nini.

Ile inveta imeteketea, wapendwa. Ndiyo maana mnanisikia vizuri.