Pani Yangu Haishikwi

Wapendwa, mulembe. Mwenyekiti wa ushirika amenipa nafasi, na mke wangu pale mbele ameshaniangalia ile ya "usiongee mpaka chai ipoe." Nitajaribu. Mimi na maneno mnajua.

Wengi wenu mnanijua tu kama yule mzee wa Shirere anayeimba besi vibaya. Kazi yangu lakini ni kupika sukari, huko kiwandani, na kiwanda gani msiniulize. Kuna sufuria kubwa la chuma, refu kuliko nyumba, sisi tunaliita pani. Ndani inachemka sirapu mpaka chembe za sukari zianze kushikana. Mpishi anachota kidogo, anasugua katikati ya kidole gumba na cha shahada, anajua: bado, au imeiva. Miaka yangu yote nilipika hivyo, na vidole hivi vimeungua mpaka havisikii moto wa chai.

Na pale juu kwenye mapani kuna sheria ambayo haijaandikwa popote. Mtu akiwa anapika, pani yake huishiki. Hata kama unaona anaharibu, unamwita, unamwambia, lakini mkono wako hauendi kwenye vali yake, ile ya kufungulia sirapu. Watu wamewahi kupigana kwa sababu ya hiyo kitu, nawaambia ukweli.

Sasa mimi nilikuwa pani ya kwanza. Pani ya pili alikuwa mwenzangu, sitamtaja jina. Tuliingia kazi pamoja, tulioa karibu pamoja, na alikuwa mtu wa kunifuata. Nikisema tule saa hii, tunakula. Nikisema huyu meneja ni mbaya, basi ni mbaya.

Ndipo wakaleta kompyuta. Vioo vikubwa ukutani kama televisheni, na vali zinajifungua zenyewe. Wakaleta na injinia msichana, mpole kabisa, atufundishe. Tukakaa kwenye chumba, akaeleza, akaonyesha, akauliza, "Kuna swali?" Ndugu zangu, nani atauliza? Mzee mzima na mvi zake anyooshe mkono kama mtoto wa nasari?

Tukitoka, mwenzangu akanivuta kando. "Wewe umeelewa?"

Nikamwambia, "Hii kitu? Nimeelewa kitambo. Na hatuihitaji."

"Haya basi," akasema. "Ukisema hatuihitaji, hatuihitaji."

Sikuwa nimeelewa hata moja. Na kuna kitu kingine nilikuwa nimeficha hata mke wangu: yale maandishi kwenye kioo sikuwa nayaona. Nilikuwa naona rangi tu, kijani na nyekundu, zinatembea.

Siku moja nikiwa zamu, pani ikaanza kukauka. Kompyuta ikafungulia sirapu. Mimi nikaona, eh, huyu ni nani anashika pani yangu? Nikafunga kwa mkono. Ikafungulia tena, nikafunga tena, nikakaza na spana. Tukashindana hivyo, mimi na ukuta! Nilipokuja kuchota, hakuna cha kuchota. Sukari ilikuwa imegandia ndani, ngumu kama tofali. Kiwanda kikasimama, matrekta ya miwa yakajipanga mpaka barabarani, na vijana wakaingia mle ndani na maji ya moto na nyundo kuibomoa. Walikuwa wanatoka macho mekundu, hawanisalimii.

Meneja akatuita wapishi wote. Akasema bila hasira, na hiyo ndiyo iliniuma: kila mtu arudi kufundishwa upya, asiyetaka achukue kustaafu mapema. Mwenzangu akageuka kuniangalia. Alikuwa anangoja niseme kitu. Na mimi, na huu mdomo wangu, nikasema mbele ya wote, "Sisi hatutafundishwa na mtoto wa juzi."

Kesho yake mwenzangu alirudisha helmeti na buti zake, akasaini, akaenda kwao Lugari. Alijua nakuja nyuma yake.

Sikwenda. Nilifika nyumbani, mke wangu akaniuliza karo ya watoto itatoka wapi. Nikarudi kiwandani kichwa chini. Wakaniweka nje kufagia makapi ya miwa, na watu waliokuwa wananiita Fundi sasa wananiita "wewe mzee wa ufagio." Nililia huko nyuma ya makapi, wapendwa. Mwanaume analia, msidanganywe.

Mama huyu, mke wangu, ndiye alinitoa. Hapa hapa kanisani, tukiimba, akaona nimeshika kitabu cha nyimbo mbali, mkono umenyooka wote. Nyumbani akasema, "Mzee, wewe huonangi." Nikakana. Akanipa gazeti, akasema soma. Nikalisogeza mbali mpaka mkono ukaisha. Wiki hiyo hiyo nikapata miwani.

Nikaenda kwa yule injinia, nikamwambia yote: sikuona, sikuelewa, naogopa. Hakucheka. Akanipeleka juu kwenye pani, akasema, "Baba, chota na usugue vile unafanyanga. Ukisema imeiva, tuangalie kioo kinasema nini." Nikasugua, nikasema bado. Kioo kikasema bado. Nikasugua tena, nikasema sasa imeiva. Akanionyesha mstari kwenye kioo, akaniambia bado kidogo, ngoja. Tukangoja. Alikuwa sawa, mimi nilikuwa nimekosea. Tuliendelea hivyo mpaka ule mstari nikauzoea kama nilivyozoea joto la pani.

Leo niko pani ya kwanza tena. Wakija wageni kazini mimi ndiye nakaa nao, na siwaulizi kama kuna swali. Naanza kwa kuwaambia mimi niliogopa hii kitu mpaka nikagandisha sukari. Wanacheka, halafu maswali yanatoka.

Lakini kuna mmoja sikumwambia kwa wakati. Mwezi uliopita nikaenda Lugari, nimebeba mkate na sukari kama mgeni yeyote. Akacheka, "Umeniletea sukari, mimi?" Mkewe akatupikia obusuma na ingokho, ugali na kuku. Nikamweleza habari ya macho, na ya siku ile nilisema nimeelewa kitambo. Aliacha kula.

"Kumbe hata wewe hukuwa unaona," akasema. "Mimi nilidhani ni mimi peke yangu. Si ungeniambia tu? Tungeogopa pamoja."

Alinisindikiza mpaka kwenye lango, akanipa mkono, akarudi kwa mahindi yake. Nafasi yake kiwandani ilishachukuliwa na siwezi kumrudishia. Hilo ninalo, na nitakuwa nalo.

Namshukuru mke wangu kwa kuniona nisipoona. Namshukuru yule binti kwa subira yake, na nyinyi mlioniombea bila kujua mnaombea nini. Ninalowaachia ni dogo tu. Mwenzako akikuuliza kama umeelewa, na hujaelewa, mwambie hujaelewa. Labda yeye pia haoni, na anakungoja wewe useme kwanza.

Acha niketi, chai inapoa.