Mama Pasi na Kidonda cha Miaka Minne

Ndugu waombolezaji, majirani na wafanyakazi wenzake, historia hii inasomwa na mdogo wake marehemu wa tumbo moja, kwa ridhaa ya watoto wake wawili, na ile karatasi nyingine iliyoletwa jana asubuhi na shemeji yetu, iliyoeleza jinsi alivyomuuguza mkewe kwa uvumilivu mpaka dakika ya mwisho, haitasomwa hapa, kwa sababu si kweli.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Pasi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa mpiga kengele wa stesheni, akasoma shule ya msingi ya hapo jirani kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, ambako alimaliza akiwa wa pili darasani na hakuwahi kumsamehe aliyekuwa wa kwanza.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli, akasimama juu ya sakafu ya saruji saa kumi kwa siku, miaka ishirini na saba, katikati ya mvuke na mashuka, na kola ya shati iliyopita mikononi mwake wageni waliiulizia walipokuja tena.

Alifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 14 Desemba 1985 na msimamizi wa ghala, huyu aliyeketi mstari wa mbele, wakajaliwa binti mwaka 1987 na mtoto wa kiume mwaka 1991, na haki lazima isemwe, miaka ile ya mwanzo shemeji alikuwa akimngojea mkewe langoni mwa hoteli kila jioni na kumbebea mkoba.

Mwezi Juni 2008 toroli la mashuka lilimgonga mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, likamwachia mchubuko usiozidi punje ya mahindi, nao ukagoma kupona, akauosha kwa maji ya chumvi, akaunyunyizia unga wa vidonge vya kila rangi alivyoshauriwa, na kufikia mwaka uliofuata ulikuwa umetanuka kama kiganja, unatoa maji yanayolowesha soksi, na unanuka, hata hotelini wakamwambia apumzike nyumbani, akapumzika moja kwa moja.

Nyumbani mumewe alimhamishia chumba cha nyuma, kilichokuwa cha kuwekea magunia na ndoo, akawaambia wageni kwamba mkewe amesafiri, na Jumamosi ya tarehe 6 Agosti 2011, siku ya harusi ya binti yao wa pekee, alimfungia humo kwa kufuli, kwa nje, ili harufu isifike kwa wakwe, na binti akaambiwa mama amezidiwa, hataki kuonwa na mtu. Mdogo wake huyu anayesoma ndiye aliyemsikia akigonga mlango kwa kisigino cha kiatu, akalivunja kufuli kwa jiwe, akamkuta amevaa gauni lake la kwendea harusini, ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, hatoi hata chozi.

Jumatatu yake walikwenda hospitali, kwenye kliniki ya vidonda sugu, chumba chembamba cha mwisho wa korido, chini ya muuguzi ambaye wagonjwa walimwita Bi Kali, naye akakipima kidonda kwa karatasi angavu na kalamu, akapapasa mapigo ya damu kwenye unyayo, akaeleza kwamba damu ya mguu ule inashuka vizuri lakini inashindwa kupanda, inatuama, na ngozi iliyolowa namna hiyo haiwezi kujiziba hata ikipakwa nini. Dawa ilikuwa kukikwangua kidonda kila wiki mpaka nyama iliyokufa iishe, kisha kuufunga mguu kwa bendeji za kubana, tabaka juu ya tabaka, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti.

Hawakupendana hata siku moja, marehemu alimwita mchinjaji, Bi Kali akamwita mkaidi, na katika wiki ya saba, aliporudi bila bendeji kwa kuwa mumewe alikuwa amezikata kwa mkasi akidai wanamfanyia majaribio, akampaka marhamu ya kununua njiani, kidonda kikiwa kimerudi pale pale kilipoanzia, Bi Kali aliweka vifaa chini na kusema, "Mimi siwezi kufunga mguu ambao nyumbani kuna mtu wa kuufungua, chagua."

Alichagua, siku ile ile akahamia kwa mdogo wake, kwenye vyumba viwili, na tarehe 9 Oktoba 2012, baada ya miezi kumi na minne ya maumivu na matusi, kidonda kilifunga kabisa, akavaa soksi za kubana kila siku iliyobaki ya maisha yake, na kila Alhamisi akaketi katika korido ile akiwafundisha wagonjwa wengine kuzivaa, kwa ukali ule ule aliojifunza humo.

Mwezi Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa mara tatu, na asubuhi ya tarehe 18 Mei shemeji alifika wodini kuomba msamaha, marehemu akafunua shuka mwenyewe na kumwonyesha mguu wenye kovu, akasema, "Hukutaka kuuona, utazame sasa, halafu uende zako." Shemeji aliutazama muda mrefu, akaenda, na saa nane mchana dada yetu akakata roho, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, majirani waliombeba kwa zamu, wapiga pasi wenzake waliokuja kumfulia, na Bi Kali, aliyesimama pale nyuma na ambaye jana, kabla hatujamvisha, aliomba aachwe peke yake naye, akamvisha kwa mikono yake soksi zile za kubana, ya kulia na ya kushoto.

Dada, hakuna atakayekufungia tena mlango, pumzika kwa amani.