Ombi la Kifaa Kimoja cha Hisabati

Mgeni rasmi, ambaye ni Afisa Elimu wetu mheshimiwa, Mwalimu Mkuu, walimu wote mlioketi kivulini, na wanafunzi wenzetu mlioketi juani:

Leo ni siku ambayo historia ya shule hii itaandikwa kwa wino wa dhahabu. Wino huo tumeutafuta dukani tukaukosa, kwa hiyo risala hii imeandikwa kwa kalamu ya Mwalimu wa zamu, ambaye tangu asubuhi anauliza nani kaichukua. Mwalimu, iko salama, na imebakiza wino kidogo.

KARIBU

Tunakukaribisha kwa mikono miwili, iliyooshwa. Tangu tulipoambiwa unakuja kutufungulia maktaba, shule imekuwa ngeni hata kwetu. Mawe ya njiani yamepakwa chokaa. Mbwa wa mlinzi ameogeshwa, na hajatusamehe. Sisi tunaosimama mbele yako ni Kundi la Watahiniwa wa Uhandisi, yaani wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wa kuingia Chuo cha Uhandisi. Tunajulikana zaidi kama watu wa chumba cha pasi, kwa sababu tutakazoeleza.

HISTORIA YA KUNDI

Kundi letu halikuanzishwa kwa mkutano. Lilianzishwa kwa adhabu.

Mwaka jana Katibu wetu (tutamwita Katibu tu, maana yuko karibu sana na kipaza sauti) aliufunga ulimi wa kengele ya alfajiri kwa soksi mbili za michezo, akiwa amebebwa mabegani na wenzake ili aifikie. Shule nzima ililala mpaka jua likaingia kitandani. Wapo waliosema haikuwahi kutokea asubuhi nzuri kama ile. Aliyekuwa zamu ni mwalimu wa hisabati, ambaye wanafunzi humwita Radiani, kama kipimo cha pembe za duara, kwa sababu akifikiri huzunguka chumba kama mshale wa saa. Katibu alijiandaa kwa fimbo. Alikuwa amevaa suruali tatu.

"Kwa nini kengele haikusikika?" Mwalimu Radiani akamwuliza.

"Soksi, Mwalimu."

"Soksi ni jina la kitu. Mimi nimeuliza sababu."

Katibu akaanza kueleza. Akaeleza mtikisiko, akaeleza hewa, akaingia mahali asipopajua akajaribu kutokea dirishani. Kila alipotaka kukimbia, Mwalimu alimrudisha kwa swali jingine, mpaka jasho likaloanisha suruali zote tatu. Mwishoni Mwalimu akasema, "Kesho alfajiri uje chumba cha pasi. Na waliokubeba mabegani waje pia."

Hao waliombeba mabegani ndio wanachama waanzilishi.

Mtihani wenyewe, mgeni rasmi, unaujua. Wanaouingia ni umati wa kujaza uwanja wa mpira. Wanaochukuliwa wanaenea kwenye basi moja, na viti vinabaki. Kutoka shule hii hajachukuliwa mtu hata mmoja. Aliyefika karibu zaidi ni kaka mmoja aliyepata kazi ya kupaka rangi lango la chuo. Anasema ni lango zuri.

JINSI TUNAVYOSOMA

Mwalimu Radiani hafundishi ubaoni. Anapiga magoti na kuandika sakafuni kwa chaki, akianzia mlangoni, mstari baada ya mstari, mpaka jibu linagusa ukuta wa upande wa pili. Kisha kila mtu anatembea juu ya hesabu hiyo. Ukifika mstari usiouelewa, unasimama hapo hapo. Kusema "sielewi" ni marufuku; miguu yako inatosha kusema. Aliyefika ukutani lazima arudi kumchukua aliyekwama, na hakuna anayekwenda kunywa chai mpaka wote tuwe tumegusa ukuta. Kwa njia hii njaa imetufanya wote kuwa walimu.

Yupo mwenzetu mmoja anayeitwa Desimali, jina alilopewa kwa heshima ya alama yake ya kwanza, iliyoanza na sifuri na nukta. Mama yake ni fundi wa kuchomelea mageti, na binti huyu ameapa kwamba yeye atachomelea vitu vinavyopitiwa juu, siyo katikati: madaraja. Mwanzoni alikuwa akisimama mstari wa tatu kila siku, kama amepangiwa chumba.

"Desi, bado tu uko hapo?" Katibu alimwita asubuhi moja, mgongo wake ukutani, tumbo likinguruma.

"Nimepapenda. Pana hewa."

"Dada yangu, chai inapoa."

"Basi njoo unieleze, acha kupiga kelele kama mpiga debe."

Katibu akarudi kwa maringo, akasimama mstari wa tatu, akafungua mdomo. Akaanza, akarudi mstari wa pili, akaanza tena. Akagundua kwamba mstari ule yeye aliuruka tu, kama mtu anavyoruka dimbwi. Mwalimu Radiani alicheka mpaka akashika meza ya pasi.

"Umeona sasa? Desimali hana aibu ya kusimama," akasema. "Ndiyo maana atafika."

MAFANIKIO

Katika jaribio la mwisho Desimali amekuwa wa kwanza. Katibu amekuwa wa pili, kwa tofauti ndogo ambayo Desimali hutukumbusha kabla ya kula na baada ya kula. Tulipompigia simu mama yake kwa simu ya ofisini, mama aliuliza kama kulikuwa na watahiniwa wengine. Tulipomhakikishia kwamba walikuwepo, akasema anarudi kazini, na tukasikia analia huku mashine ikiunguruma.

Mafanikio mengine ni kwamba Katibu hajagusa kengele muhula mzima.

CHANGAMOTO

Ya kwanza ni viatu. Chumba cha pasi ni cha kupigia pasi, na viranja wana nguo nyingi. Mara mbili tumefika na kukuta mstari wa sita umefutwa na kiatu cha mtu asiyejua alichokanyaga.

Ya pili ni viti, ila hiyo kila risala inayo, kwa hiyo tunapita.

Ya tatu Mwalimu Mkuu ameikata kwa wino mwekundu, na sisi ni watiifu. Kwa hiyo hatutasema kwamba barua ya uhamisho wa Mwalimu Radiani ilitoka ofisini kwako, mgeni rasmi. Hatutasema kwamba lori linamchukua leo, mara tu sherehe hii itakapokwisha. Hatutasema kwamba mtihani ni mwezi ujao na somo la mekanika hatujafika hata katikati. Hatutasema kwamba mwalimu wa kushika nafasi yake atakuja "muda si mrefu", maana huo ndio muda tunaomsubiri mwalimu wa kemia tangu tukiwa na sauti za kitoto. Wala hatutasema kwamba Desimali alipozisikia habari hizo alikwenda kusimama chumba cha pasi, sakafu ikiwa tupu bila hata alama ya chaki, na tulipomwuliza amekwama mstari gani akajibu, "Yote."

Hayo hatujayasema, na tunaomba Mwalimu Mkuu atushuhudie.

MAOMBI

Tulipokuwa tunaandaa risala hii Mwalimu Mkuu alituelekeza vizuri. "Ombeni vitu. Watu hawaombwi kwenye risala."

"Hata mmoja, Mwalimu?" Katibu akauliza.

"Hata nusu."

Basi tunaomba vitu. Tunaomba chaki. Tunaomba pasi zihamishiwe chumba kingine, pamoja na viranja. Na tunaomba kifaa kimoja cha kufundishia hisabati.

Kifaa hicho hakitumii umeme; kinatumia chai ya rangi isiyo na sukari. Kina miwani iliyofungwa kwa uzi upande wa kushoto. Kikianza kazi huzunguka. Kina hitilafu moja inayojulikana: neno "vizuri" hulitoa kwa nadra sana, lakini kikishalitoa mtu hutembea nalo muhula mzima. Hatutaki kipya. Tunataka hicho hicho kilichotumika, na hakuna haja ya kukiagiza popote kwa sababu kipo hapa shuleni. Tunachoomba ni kisipakiwe kwenye lori mpaka mtihani upite.

NYONGEZA

Mgeni rasmi, risala ilikuwa imeishia hapo. Sehemu hii imeandikwa kwa penseli wakati kwaya ikiimba, na ndiyo sababu kwaya iliombwa kurudia ubeti wa mwisho bila kuelezwa kwa nini. Matroni alikuja nyuma ya jukwaa akamshika Katibu sikio.

"Baba, utasema mwenyewe au nikusemee?"

"Kusema nini, Mama?"

"Natoka kwa Mwalimu wako sasa hivi. Tumeongea dirishani. Kwa nini dirishani, mwanangu?"

Katibu akatazama kulia, akatazama kushoto, akaomba penseli.

Asubuhi ya leo Mwalimu Radiani alituomba tulifungue kabati lake la nguo vipande vipande ili liingie kwenye lori. Ni kabati alilorithi kwa mama yake. Bila hilo haendi popote. Tulilifungua chumbani, tukabeba mbao mpaka koridoni karibu na mlango wa mbele, na hapo Katibu akapata wazo. Mwalimu akiwa chumba cha ndani anafunga vitabu, tukaliunga upya pale pale, kwa skrubu zote na gundi ya seremala, baada ya kupima kwamba likisimama au likilala halipiti mlangoni. Tukaliegemeza ukutani kama ngazi. Desimali akapiga hesabu, hesabu ikasema halitelezi. Tukatoka na kufunga mlango taratibu, kwa adabu.

Hesabu ilikuwa sahihi kwa sakafu ya saruji. Lakini jana Matroni alizipiga nta sakafu zote za nyumba za walimu, kwa heshima yako, mgeni rasmi. Kabati liliteleza likajibana kati ya mlango na ukuta. Mlango ule ndio pekee wa kutokea, na unafungukia ndani. Madirisha yana nondo. Kwa Mwalimu Mkuu tulikwenda kusema kwamba Mwalimu Radiani anamalizia kufunga tai.

Mwalimu Radiani mwenyewe alituita dirishani.

"Nani kapiga hesabu?"

"Mimi, Mwalimu," Desimali akasema.

"Msuguano umechukua wa sakafu gani?"

"Saruji."

"Na nta?"

Desimali akaanza kupiga hesabu upya vumbini. Kichwa cha Mwalimu kikapita dirishani, kikapotea, kikapita tena.

"Swali la kitu kilichoegemezwa linakuja kila mwaka," akasema. "Mkilikosa kule, hakuna wa kuwapa sakafu nyingine." Tulisubiri acheke. Hakucheka. Akashika nondo, akatuangalia mmoja mmoja, akasema polepole, "Hamjawa tayari. Na mimi ninaondoka."

Mgeni rasmi, Katibu ni mimi ninayesoma. Wazo lilikuwa langu, gundi nimeitoa mimi karakana, na uongo wa tai ni wangu pia. Desimali nilimwambia ni zoezi tu, akapiga hesabu kwa sababu hajawahi kukataa zoezi; jina lake lisikatwe kwenye mtihani. Langu likikatwa nitaelewa. Nitakwenda kupaka rangi lango.

Tunabaki na maombi mawili, na haya hayamo katika nakala aliyoipitia Mwalimu Mkuu. La kwanza, tunaomba Mwalimu wetu atolewe ndani. La pili, akishatoka, tunaomba aachwe hapa hapa.

Mwenyezi Mungu akufikishe nyumbani salama, akuzidishie baraka, na akurudishie uvumilivu wote ulioutumia kutusikiliza.

Ni sisi wako watiifu, kuanzia sasa,
Kundi la Watahiniwa wa Uhandisi,
Chumba cha Pasi.