Fundi Sofa na Pakiti Isiyojulikana Ilikolala

Kamati ya mazishi ilimfuata mjane jikoni, ikamwomba aeleze maisha ya mumewe makaburini. Kabla hajakauka mikono ikamwambia tena, kwa upole, ile miaka ya gerezani airuke, familia isione haya. Hakufurahi. Kama wanayajua ya kusema, wangesema wenyewe. Yeye ameombwa maisha yote, basi atayaeleza yote.

Marehemu, mliyemwita Fundi Sofa, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa pili wa seremala. Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu alizipenda, insha zilimtoa jasho. Baba yake akamtia karakanani, akashika nyundo na sindano ndefu, akatulia.

Ndoa yake ilianzia kwenye kiti. Mwaka 1975 aliitwa nyumbani kwa mzee mmoja kubadilisha sponji ya kiti kimoja, kikamchukua mwezi mzima. Leo anashona, kesho anafumua. Mzee akamwuliza, "Kijana, unashona kiti au unajenga ghorofa?"

"Nasubiri kitambaa, baba."

Kitambaa kilikuwa kwapani mwake. Binti wa nyumba hiyo, aliyemletea maji, alikiona, asimwambie baba yake. Walioana tarehe 5 Juni 1976, wakajaliwa watoto watatu.

Machi 1998 mteja mgeni alileta makochi mawili, akapotea. Waliokuja badala yake ni askari. Walichana mto mmoja wakatoa pakiti ya karatasi ya kaki, wakasema ni unga, dawa za kulevya. Mmoja akaitumbukiza mfukoni mwa koti lake. Haikufungwa na kupigwa lakiri mbele ya fundi, wala hakuitwa jirani kushuhudia. Fundi hakuwa na wakili. Alihukumiwa kifungo cha miaka saba.

Mkewe aliiona ile kaki kwa macho yake. Mahakamani, hata askari mwenyewe alisema kaki, lakini kielelezo kilicholetwa kilikuwa ndani ya nailoni nyeupe. Mama huyu alizungukia ofisi za mawakili hadi viatu vikaisha soli, akampata binti mmoja mwenye sauti ya chini aliyekubali kumsikiliza mpaka mwisho.

Kwenye rufaa, binti huyo aliuliza jambo moja na hakuliachia: tangu mfukoni mwa koti hadi kwa mkemia, pakiti ililala wapi, na nani aliilinda? Upande wa mashtaka ukajibu, kwenye kabati la kituoni. Kabati lenyewe lilikuwa halina kitasa. Aliyeipeleka kwa mkemia hakuwahi kuitwa kutoa ushahidi. Majaji wakasema hawawezi kujua kama kilichopimwa ndicho kilichokamatwa, wakafuta hukumu. Fundi alitoka Julai 2000, amekonda shingo. Neno lake la kwanza langoni lilikuwa kumwuliza mkewe kama cherehani ilipakwa mafuta.

Mtaani wakasema kaponea kwenye kabati bovu. Wateja wakaanza kubonyezabonyeza mito kabla ya kuichukua. Tangu hapo marehemu hakufunga mto mpaka mwenye mto afike, atie mkono ndani, apapase hadi pembeni, ndipo ashone upande wa mwisho mbele yake. Mkewe aligomba naye sana. Kwa nini ajipekue mwenyewe, na majaji walishamaliza?

"Waache wapapase, mama watoto," akamwambia. "Kinachoniuma ni wanaoondoka bila kuniuliza."

Mwaka 2021 kifua kilianza kumbana, vumbi la miaka yote ile. Alilazwa mara kadhaa, akiwatania wauguzi kwamba magodoro yao yanamhitaji yeye kuliko yeye anavyowahitaji wao. Siku moja, mkewe akimkata kucha, alimwuliza, "Utawaambia?" Hakutaja ni nini. Mkewe akajibu kwamba atawaambia. Alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 3 Oktoba 2023, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada yake mkubwa. Alikalisha watu wengi pazuri. Naye Mungu amlaze pazuri, apumzike.

Mjane hataki maua. Kila aliyewahi kusema kwamba fundi aliachiwa tu kwa sababu ya kabati, asimame sasa hivi, kabla jeneza halijashushwa, aseme mbele ya watoto wake kuwa baba yao hakuwa na hatia. Haraka hakuna. Mjane ameketi mstari wa mbele, na anawafahamu.