Boksi Lililokoroma

Kwenye treni ya asubuhi, mpiga gitaa aliyeketi mbele yangu alimvisha hedifoni jirani yake, mama fundi wa redio. "Simu hii inaiga sauti za maboksi mia ya spika za gitaa, dada. Natafuta sauti inayofanana na ya boksi la marehemu baba, lililoungua. Mama yangu anasubiri kuisikia leo."

"Hii ni safi, kaka."

"Safi mno! La baba lilikoroma."

"Basi spika ilichanika. Ningeitia gundi."

"Mama hakutaka iguswe."

Mimi niliyesoma fizikia shule ya jioni nilikuwa na maelezo kamili, lakini hakuna aliyeniuliza. Fundi akachagua nyingine. "Hii inakoroma."

Mpiga gitaa alichukua hedifoni, akasikiliza hadi kituoni. "Inakoroma kweli," alisema, "ila kama mume wa mtu mwingine." Akashuka, bado anabonyeza simu.