Argiris Velentzas na Nyuso za Mji wa Saba (1931–2003)

Ndugu, majirani na marafiki mliotufikia leo, baba yetu Argiris Velentzas alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 katika kijiji cha Lefkohori, milimani kaskazini mwa Ugiriki. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa mzee Thomas, mfugaji wa kondoo, na Mama Zoi, ambaye mimi nimerithi jina lake.

Alisoma shule ya kijiji miaka minne, kisha vita vikaifunga. Mwaka 1948 wapiganaji wa msituni walimchukua akiwa na miaka kumi na saba. Alimuaga mama yake kama mtu anayekwenda kisimani. Mwaka uliofuata walishindwa wakavuka mpaka, wakapakiwa ndani ya tumbo la meli ya mizigo, halafu treni, na tarehe 12 Novemba 1949 wakashushwa hapa Tashkent. Alipangiwa chumba katika Mji wa Saba, mmoja wa mitaa ya wakimbizi wa Kigiriki. Mchana alichomelea vyuma kiwandani, jioni alisoma, na Jumapili aliendesha mashine ya sinema klabuni kwetu. Hapo ndipo alipopata wito wake. Mwaka 1956 alikubaliwa chuo cha filamu Moscow, akahitimu 1961.

Akaajiriwa na studio moja ya hapa mjini, akapewa kazi ya kupiga filamu za pamba. Alipiga pamba miaka thelathini. Safari moja aliwapiga picha wavunaji wakiwa wamelala kivulini saa sita mchana. Mkuu wake alipoitazama akaruka kitini.

“Velentzas! Hawa wamelala!”

“Wamechoka, mkuu.”

“Kwenye filamu yangu hachoki mtu. Kata.”

Aliyekata alikuwa Muhabbat Yuldasheva, fundi wa kukata na kuunga filamu, na kipande kile alikificha mkobani akamrudishia mwenyewe. Walifunga ndoa tarehe 20 Juni 1963. Bibi yetu mzaa mama hakupendezwa hata kidogo. “Mgiriki huyu? Kesho atakwenda kwao, akuache na watoto.” Baba akamjibu, “Mama, hata nikitaka kwenda, nani ataniruhusu?” Bibi alicheka, akapakua pilau. Lakini lile halikuwa jambo la kuchekesha. Ugiriki ilikuwa imemfutia uraia, na hapa alikuwa mkimbizi ambaye hata kutoka nje ya mji aliomba kibali.

Kuanzia 1965, kwa mabaki ya filamu za pamba, alianza kuwarekodi watu wa Mji wa Saba. Kila mmoja alipewa dakika moja aongee na mama aliyemwacha nyumbani. Wengi walivaa suti za kuazima. Mzee Kosmas, fundi viatu, alikariri hotuba wiki nzima, lakini mbele ya kamera ikamtoka yote. Mwishoni aliuliza tu, “Mama, yule kondoo mweusi alizaa?”

Walifika watu mia mbili na kumi na wanne. Mwaka 1968 mtu akapeleka maneno kwa wakubwa, na makopo yote thelathini na moja yakafungiwa stoo ya studio.

“Yatakaa humo mpaka lini?” baba aliuliza.

“Mpaka nikuambie,” alijibu mkuu wake. Hakumwambia kamwe.

Mwisho wa 1982 Ugiriki ikafungua mlango. Mji wa Saba ukaanza kuhama, nyumba moja baada ya nyingine. Lambros, aliyepigana pamoja naye msituni, alikuja kumuaga.

“Argiris, bwana, fungasha. Unangoja nini?”

“Nikifika, mama zao watauliza. Nitawaambia watoto wao nimewaacha stoo?”

Miaka tisa, kila Jumatatu, alikwenda kuomba ufunguo. Kaka yangu Thomas aliondoka kwenda Ugiriki 1984 kwa hasira, bila kumpa baba mkono. Mama naye siku moja alishindwa kuvumilia: “Hakuna askari mlangoni sasa, Argiris. Kamba umejifunga mwenyewe.” Jumatatu iliyofuata baba alikwenda tena. Sitaficha haya, maana yeye mwenyewe hakuyaficha.

Stoo ilifunguliwa Oktoba 1991. Ilitoka harufu kali ya siki, ile ya filamu iliyooza. Makopo ishirini na saba yalikuwa yameganda kama gundi. Zilipona nyuso kumi na tisa. Mwaka uliofuata alizibeba hadi Ugiriki, akiwa na miaka sitini na mmoja, akapita nazo kijiji kwa kijiji. Karibu mama wote walikuwa wamekufa. Alimkuta Mama Fotini, wa miaka tisini na minne, ambaye mwanawe Nikolas tulimzika hapahapa mwaka 1974. Alimtazama mwanawe ukutani, akasema, “Amenenepa. Walimlisha vizuri.” Akaomba aonyeshwe tena. Baba alirudia mara sita, mpaka taa ya mashine ikaungua.

Baada ya wiki tatu alimwambia dada yake, shangazi Despina, kwamba anarudi nyumbani. Shangazi akalia: “Nyumbani wapi? Hapa ndipo kwenu!” Alirudi Tashkent.

Mei 2001 alipatwa na kiharusi upande wa kulia. Tunakaa ghorofa ya nne, lifti hakuna, na miaka miwili ya mwisho dunia yake ilikuwa dirisha moja. Mwezi uliopita Thomas alipiga simu, mama akamshikia baba sikioni, naye Thomas akasema yuko tayari kumsafirisha akazikwe Lefkohori. Baba alijibu polepole, kwa mdomo uliopinda: “Mwanangu, nimeomba ruhusa ya kusafiri maisha yangu yote. Hii siombi. Njoo wewe.”

Thomas alifika Jumanne. Baba alifariki Alhamisi, tarehe 13 Novemba 2003, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe.

Ameacha mjane, Muhabbat, watoto wawili, Thomas na mimi Zoi, wajukuu watatu, na dada yake Despina. Udongo wa Tashkent uwe mwepesi juu yake, na apumzike kwa amani.